Sisimizi wa Mama Talata

Ayinpoka alikuwa na sauti nzuri, na sauti hiyo ndiyo iliyomponza.

Kila siku ya kliniki, kabla watoto hawajaning'inizwa kwenye mizani, yeye ndiye aliyesimama mbele ya kina mama kwenye baraza la zahanati na kuanzisha wimbo wa maziwa. Aliimba, "Maziwa yangu ndiyo chakula chako," na wanawake wakaitikia kwa makofi, "Usimpe maji, usimpe uji!" Watoto migongoni walirukaruka kwa mdundo. Ayinpoka alivaa kitenge cha kikundi, cha kijani chenye maua meupe, ambacho walivaa mama viongozi peke yao. Kilimkaa vizuri. Hakuna siku aliyokivaa bila kuhisi kinamwasha shingoni.

Siku hiyo upepo mkavu wa harmatani ulikuwa umeanza kushuka na vumbi lake la jangwani. Midomo ya watu ilipasuka, na nyuso zote zilipakwa mafuta ya shea, yale ya kokwa za mti wa porini, zikang'aa kama sufuria mpya.

"Ninyi Wafrafra," alisema Sista Perpetua, muuguzi wa zahanati, wimbo ulipokwisha. "Nikisema kuna supu ya kichwa cha mbwa, mnakuja mbio hadi mnakanyagana. Nikiwaita kwenye mizani, mnatambaa kama vinyonga."

"Na wewe Mdagaaba," mama mmoja alimjibu, "hicho kichwa cha mbwa unakitaja kila wiki. Sema tu una njaa, tukupimie!"

Baraza zima likaangua kicheko. Wadagaaba na Wafrafra ni watani tangu enzi za mababu, na Sista Perpetua alijua kwamba siku watakayoacha kumtania ndiyo siku watakayokuwa wameacha kumsikiliza.

"Haya, nipimieni baadaye. Leo nataka kusema habari ya pumu. Vumbi limeingia, na vifua vya watoto vimeanza kupiga filimbi." Aliacha kucheka. "Mtoto anayenyonya maziwa ya mama yake peke yake miezi ile ya mwanzo, kifua chake hupata ulinzi. Pumu humpata mara chache kuliko yule aliyenyweshwa vitu vingine mapema. Sisemi haimpati kabisa. Nasema mara chache. Mmenisikia?"

"Tumekusikia."

"Muulizeni Ayinpoka. Kifungua mimba wake hakuonja hata tone la maji mpaka alipoanza kukaa. Si kweli, Ayinpoka?"

Ayinpoka alitikisa kichwa kukubali. Alikuwa akitazama vidole vyake vya miguu.

Ni wakati huohuo Atanga, huyo kifungua mimba mwenyewe, alipokuja kutoka uwanjani alikokuwa akisukuma tairi na wenzake. Alikuja polepole, mabega yakipanda na kushuka, shingo imenyooka kama ya kanga anayesikiliza kitu. Kila pumzi yake ilisikika hadi safu ya nyuma.

"Mama," alisema, na neno hilo moja likammaliza.

Ayinpoka alifungua fundo la kanga aliyojifunga kiunoni, akatoa kichupa cha bluu cha kupuliza dawa, akamwekea mdomoni. "Vuta. Shikilia. Taratibu, baba yangu. Tena." Wanawake wote walikuwa wakitazama kifua kile chembamba kinavyohangaika, ngozi ikizama katikati ya mbavu, kisha polepole kikitulia.

Aliyesema wa kwanza alikuwa Mama Nsoh. Huyo alikuwa mwanamke mnene mwenye sauti ya sokoni, na pembeni yake alikuwa amekaa mkamwana wake Lamisi, mimba ya kwanza imemfika kidevuni.

"Haya, Sista, nielimishe mimi mjinga," alisema Mama Nsoh. "Huyu si ndiye aliyenyonya maziwa matupu? Mtoto wa mwimbaji mwenyewe? Kama maziwa yanalinda kifua, hiki mlinzi wake alikuwa amelala?"

Wengine walicheka, kicheko kifupi cha aibu.

"Nimesema mara chache, Mama Nsoh. Sikusema ni ukuta wa chuma."

"Mara chache, mara chache! Hiyo mara chache imepita nyumba zote ikaenda kubisha kwa mwimbaji."

Lamisi hakucheka. Alimtazama Atanga, kisha akatazama tumbo lake, na Ayinpoka akaona uso wa yule binti unabadilika, kama mtu aliyekuwa amebeba kitu kwa uangalifu na sasa ameamua kukitua.

Maneno yalimjia Ayinpoka hadi kwenye meno. Angeweza kuyasema pale pale. Badala yake alikirudisha kichupa kwenye fundo, akasimama, na Sista alipomwashiria, akaimba wimbo wa kuagana.

*

Ukweli ni kwamba Atanga hakunyonya.

Katika nchi hiyo maziwa ya mwanamke aliyejifungua kwa mara ya kwanza hayaaminiwi mpaka yapimwe. Hukamuliwa kidogo kwenye kata, na sisimizi hutiwa ndani. Wakitambaa wakatoka, maziwa ni mema na mtoto hupewa titi. Wakifa, maziwa ni machungu, na mama hukandwa kwa maji ya dawa mpaka yatakaswe, na wakati huo wote mtoto hayagusi. Mkono ulioaminiwa na nyumba zote za kando ya bwawa kwa kazi hiyo ulikuwa mkono wa Mama Talata, mama mkwe wa Ayinpoka.

Ayinpoka aliwaona kwa macho yake wale sisimizi. Walielea juu ya maziwa wamekunja miguu. Alianza kulia, na Mama Talata akaenda kuvuta mkeka wa mlangoni.

"Usilie kwa sauti," alimwambia. "Hili halitoki humu ndani. Unanisikia? Mimi na wewe basi."

Mume wa Ayinpoka alikuwa mji wa mbali, Kumasi, akibeba mizigo, hakujua lolote. Mama Talata ndiye aliyemkanda, asubuhi na jioni, kwa maji yaliyochemshwa na magome. Mtoto alinyweshwa maji ya dawa kwa kitambaa, kisha maziwa ya mbuzi, kisha maji yaliyokorogwa na unga wa mtama. Alipolia chumba cha pili, maziwa yalimtoka Ayinpoka yenyewe yakalowesha nguo, na akakaa akiyatazama yanavyoingia kwenye sakafu ya udongo. Mtoto aliharisha, akakonda, akapona, akaharisha tena. Siku sisimizi walipotoka wazima kwenye kata, Mama Talata alipiga vigelegele vya chini kwa chini na kumletea mtoto. Lakini matiti yalikuwa yameshalegea. Atanga alivuta, akavuta, akaliachia titi na kumtazama mama yake.

Nje ya nyumba hakuna aliyejua. Mama Talata alitembea mitaani akitangaza, "Mume wangu ananyonya kama ndama!" Alimwita mjukuu wake mume wangu, kama bibi wote. Alisema uongo huo kwa huruma. Mwanamke aliyeshindwa na sisimizi huimbwa kwenye mawe ya kusagia nafaka, na wimbo wa namna hiyo humfuata kisimani hadi nywele zinageuka nyeupe.

Kisha alikuja Sista Perpetua, mgeni, akauliza kina mama, "Ni nani kati yenu alimnyonyesha kifungua mimba wake bila kumchanganyia kitu?" Wanawake wa jirani wakamgeukia Ayinpoka. Mkono wake ulipanda wenyewe. Baadaye ikagundulika ana sauti. Baadaye tena akapewa kitenge.

Mtoto wa pili, msichana, hakupimiwa chochote, kwa kuwa kipimo ni cha mzaliwa wa kwanza tu. Alinyonya tangu saa aliyozaliwa. Ayinpoka alilijua siku hiyo jambo alilokuwa akiliimba: uzito wa kichwa mkononi, sauti ya kumeza. Na kila alipomnyonyesha binti yule alikaa akiwa amempa Atanga mgongo, kwa sababu hakuweza kuvumilia kutazamwa naye.

*

Lamisi alijifungua mtoto wa kiume juma lilelile harmatani ilipochacha. Mama Talata alipoangika kata ukutani, jioni ya siku aliyokwenda kupima, alitikisa kichwa.

"Wamekufa," alisema. "Maskini. Binti mzuri vile, na mwenye heshima."

Ayinpoka alikuwa akichambua majani ya kunde. Hakuinua uso. "Mtoto anapewa nini?"

"Maji ya dawa. Nitarudi kupima tena."

Asubuhi iliyofuata Sista Perpetua alisimamisha pikipiki yake kwenye ua wao, vumbi limezifanya nyusi zake kuwa za kizee.

"Nimetoka kwa kina Nsoh," alisema. "Mama Nsoh ananichekea, 'Tutanyonyesha, Sista, wewe nenda tu, tutanyonyesha.' Na mtoto ana kitambaa mdomoni! Mimi ni mgeni, Ayinpoka. Tena ni Mdagaaba, wananiona mzaha. Nenda wewe. Wewe wakikuona wataamini."

"Sista," Ayinpoka alianza.

"Naam?"

Binti yake mdogo alimvuta kanga. Kanga wawili, wale ndege, walipita wakigombana. Sista alikuwa akimsubiri kwa macho yale ya kumwamini.

"Nitakwenda," alisema Ayinpoka.

Alikwenda na unga kwenye bakuli, kama inavyostahili kwenda kumtazama mzazi. Alipoinama kuingia katika chumba cha Lamisi, alimkuta Mama Talata ameshatangulia. Kata ilikuwa miguuni pake, na mkononi alishika jani lililokunjwa. Mama Nsoh alikuwa ameketi mlangoni kama bawabu.

"Kumbe wamemtuma mwimbaji!" alisema Mama Nsoh. "Karibu, karibu. Utuimbie tukiwa tunapima, sisimizi nao wafurahi."

Lamisi alikuwa ameegemea ukuta. Nguo yake ilikuwa imelowa kifuani, na matiti yamejaa, yamekuwa magumu na kung'aa hata alishindwa kushusha mikono. Pembeni mtoto alinyonya ncha ya kitambaa cha maji ya kahawia, akaitema, akainyonya tena.

"Pole na kazi, mdogo wangu," alisema Ayinpoka.

"Asante, dada." Kisha Lamisi akasema kwa haraka, kama aliyekuwa amejiandaa, "Dada Ayinpoka, usiniimbie, nakuomba. Naujua wimbo. Wewe yako yalikuwa mema, ulimpa Atanga yote, na bado kifua chake kinapiga filimbi. Yangu ni machungu. Kama mema hayakumsaidia mwanao, machungu yatamfanya nini wangu?"

"Mtoto kasema," alisema Mama Nsoh. "Mtoto kasema vizuri sana."

Ayinpoka aliweka bakuli la unga chini. Alifikiri juu ya wimbo wa kwenye mawe ya kusagia, na nani atautunga, na alijua atautunga Mama Nsoh, na utakuwa mzuri. Kisha akamtazama mtoto anavyokitema kitambaa.

"Atanga hakunyonya," alisema.

"Nini?"

"Hakuyanyonya maziwa yangu. Sisimizi walikufa. Kwenye kata hiyo hiyo hapo chini."

"Ayinpoka," alisema Mama Talata. Alilisema taratibu, kama mtu anayemwita mtoto aliyekaribia moto. "Ayinpoka, inatosha."

"Nisamehe, Mama. Haitoshi. Alipewa maji ya dawa, na maziwa ya mbuzi, na maji ya unga. Nilipoambiwa nimpe titi, titi lilikuwa limekauka. Kila kitu nilichokiimba pale zahanati, niliimba uongo. Wimbo ni wa kweli. Mimi ndiye nilikuwa wa uongo."

Mama Nsoh alipiga makofi mara moja, akaziba mdomo, akashindwa kukizuia kicheko. "Wee! Mwimbaji! Na kile kitenge? Na lile shingo unaloligeuza ukiimba? Umetufundisha kunyonyesha miaka yote, na wewe mwenyewe maziwa machungu!"

"Kitenge nitakirudisha."

"Kirudishe hata leo!"

"Nitakirudisha. Lakini kama yalikuwa machungu, mimi sijui. Hakuna aliyeyaonja. Hata mimi mwenyewe sikuyaonja, niliwaonjesha sisimizi nikaamini walichosema. Dada yake Atanga amenyonya matiti haya haya. Yalipata wapi utamu?" Sauti yake, ile sauti nzuri, ilikuwa inatetemeka na hakuweza kuituliza. Alimgeukia Lamisi. "Sikuambii kwamba Atanga angenyonya asingekuwa na pumu. Huenda angekuwa nayo vilevile. Sista mwenyewe anasema wapo wanaonyonya na bado wanaugua. Ninachokuambia ni hiki tu, usimtumie mwanangu kuwa sababu. Hakupewa nafasi hiyo. Tuliikausha."

Mama Nsoh alifungua kinywa, akamtazama Mama Talata kwanza, akakifunga.

Lamisi alikuwa akimtazama Ayinpoka kifuani. "Yalikuuma hivi?" aliuliza kwa sauti ndogo. "Matiti?"

"Yaliuma sana."

"Kisha?"

"Kisha yakaacha kuuma. Hapo ndipo ubaya ulipo, mdogo wangu. Yanaacha."

Lamisi alinyoosha mkono, akamchukua mtoto.

"Subiri!" alisema Mama Nsoh. "Kata kwanza. Mama Talata, sisimizi."

Mama Talata alikuwa bado ameshika jani lake. Ndani yake sisimizi walikuwa wakitembea, jani lilitikisika kidogo kidogo kati ya vidole vyake vilivyokauka. Alilitazama kwa muda mrefu.

"Leo sina," alisema.

"Huna? Na hilo mkononi?"

"Nimesema leo sina, mama yake Nsoh. Unataka nikuapie?"

Mtoto alilikosa titi mara ya kwanza, akalikosa mara ya pili, akalia kwa hasira. Lamisi aliuma midomo kwa maumivu na kumsogeza. Kisha kilio kikakatika katikati, na wote wanne wakasikia sauti ile ya kumeza, ndogo, ya haraka, kama mtu anayenong'ona peke yake. Hakuna aliyeshangilia. Mama Nsoh aligeuza uso akaanza kutafuta kitu mkekani ambacho hakikuwepo.

*

Mama Talata alitangulia njiani, kata kwapani, akitembea kwa kasi kuliko umri wake. Ayinpoka alimfuata kwa nyuma. Upepo uliwapiga ubavuni, na jua lilikuwa jeupe na butu kama sahani ya bati nyuma ya vumbi.

"Nilikusitiri," alisema bibi yule bila kugeuka. "Nilikusitiri kama binti wa tumbo langu."

"Najua, Mama."

"Nilisema uongo kwa ajili yako, mimi, ambaye nyumba zote hizi zinaniita nikawaambie ukweli."

"Najua, Mama."

"Ukanivua nguo mbele ya nani? Mbele ya mama yake Nsoh! Mwanamke ambaye supu yake ya bamia hata nzi huipita!"

"Najua, Mama."

"Usiniambie najua, najua! Ungejua ungenyamaza."

Machozi yalimchora Ayinpoka mistari kwenye vumbi la mashavu, na hakuyafuta. Walipita shamba la mtama lililovunwa, mabua yakigongana. Karibu na bwawa Mama Talata alilifungua jani, akaliweka chini, akasubiri mpaka sisimizi wa mwisho alipotoka. Alibaki amechuchumaa pale.

"Kile kifua cha mume wangu," alisema, na sauti yake ilikuwa nyingine kabisa. "Ni mimi?"

Ayinpoka aliwahi kuota siku ya swali hilo. Kwenye ndoto hizo alikuwa na majibu makali. Sasa aliutazama mgongo mwembamba wa mwanamke yule, mgongo uliombeba Atanga kwenda na kurudi zahanati usiku na mchana, na hakuona hata jibu moja la kumpiga nalo.

"Sijui, Mama. Na mimi nilikuwepo. Na mimi ningeweza kukataa. Sista anasema pumu ina milango mingi. Kuna vumbi. Kuna ukoo. Kuna moshi."

"Moshi?"

"Moshi pia."

Mama Talata alisimama kwa shida, akipangusa magoti. Akashika njia ya nyumbani.

*

Siku ya kliniki Ayinpoka alifika na kitenge kimekunjwa kwenye beseni. Habari zilikuwa zimemtangulia. Alipopita kisimani, kundi la wasichana lilinyamaza ghafla, kisha mmoja akaimba kwa kubana pua, "Sisimizi, sisimizi, onja unieleze!" Wakalipuka. Wimbo ulikuwa mzuri, kama alivyojua utakuwa.

Sista Perpetua alimpeleka kwenye chumba cha dawa. Safari hii hakumtania.

"Nilikutaja mjini Bolga," alisema. "Kwenye mikutano. Mbele ya wakubwa. Nilisema, kwetu kuna mama mmoja." Alikipokea kitenge, akakishika mapajani. "Kwa nini hukuniambia, Ayinpoka? Ningekucheka mimi?"

"Ulikuwa unaniangalia vizuri mno, Sista."

Muuguzi aliinamisha uso. Ilionekana naye alikuwa akipekua kitu ndani yake, pengine siku zote zile alizomwonyesha mtu mmoja kwa kidole bila kumuuliza. Mwishowe aliweka kitenge rafuni. Hakumrudishia, na Ayinpoka alishukuru kwa hilo.

Alikaa safu ya nyuma kabisa. Mama mwingine alianzisha wimbo, akaupandisha juu mno, wote wakachomoka nje ya mdundo. Mama Nsoh aligeuka, akasema kwa sauti ya kusikika, "Bora sauti mbovu yenye maziwa," na watu wakacheka. Ayinpoka alitamani sakafu ipasuke. Kisha mtu akajibanza pembeni yake kwenye benchi. Alikuwa Lamisi. Hakumsalimia, hakumtazama. Alifungua tu blauzi yake, akamweka mtoto titini, akakaa pale mpaka mizani ilipomaliza kazi.

Ayinpoka alirudi nyumbani akiwa amechoka kama aliyelima siku nzima. Ilikuwa siku ya kupika mafuta ya shea. Nyumba nzima ilipaswa kuwa imejaa ule moshi mzito wa kila mwaka, unaopanda kutoka jiko la katikati ya ua na kuingia kila chumba, kikiwemo cha Atanga. Lakini ua ulikuwa mtupu. Mahali pa jiko palibaki majivu, jiwe moja na alama za mengine mawili.

Aliwakuta nje ya ukuta wa nyumba, upande ambako upepo ungeupeleka moshi mbali na milango. Mama Talata alikuwa amebeba jiwe la jiko kifuani, ameliegemeza kwenye mbavu, anatembea hatua moja moja. Atanga alisimama pembeni akila karanga.

"Bibi, mbona unahama?" aliuliza.

"Mkeo amechoka kukulisha moshi, mume wangu. Kaa huko huko, usisogee."

"Nikusaidie?"

"Nimesema usisogee!"

Bibi aliliweka jiwe chini, akaliweka sawa na lile la kwanza, akanyoosha kiuno kwa kuguna. Alimwona Ayinpoka amesimama na beseni lake tupu. Walitazamana. Wote wawili waliondoa macho kwa wakati mmoja.

"Limebaki moja," alisema Mama Talata. "Ni zito."

Ayinpoka aliweka beseni chini, akaingia uani kulichukua.